Palin hakukimbia FBI, na kama gavana anachunguzwa nionyesheni karatasi

Kwa kinyozi mmoja hapa Kondele, Kisumu, ukishakalia kiti huwezi bishana na mtu, mashine iko kisogoni na kichwa kimeinamishwa, unasikiza tu. Juzi stori ilikuwa gavana. Sio wa hapa, ni wa kaunti ingine ya huku magharibi, na jina silitaji juu sina ushahidi na sina pesa ya wakili. Ati EACC, wale wa tume ya kupambana na ufisadi, wamemaliza faili, wanamkujia alfajiri siku yoyote, na yeye mwenyewe amenusa ndio maana siku hizi haonekani kwa matanga. Huku kwetu mwanasiasa akianza kukosa matanga watu wanamhesabia siku.

Nilipotoka kwa kiti kijana mmoja akatoa simu, ako na barua. Barua imezunguka WhatsApp mpaka imeingia ukungu, nembo ya serikali imefifia venye picha ya picha hufifia, namba ya kumbukumbu hakuna, sahihi ni kamstari tu, na tarehe iliyo juu nikaitafuta kwa kalenda nikapata ilikuwa Jumapili. Nikamwambia boss hii ni Jumapili. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kwani gavana ananilipa ngapi.

Mwenye duka, jaduong', yaani mzee, wa heshima zake, ndiye alifunga huo ubishi na mfano wa majuu. "Omera, umesahau yule mama wa Alaska alikuwa anapigana na Obama? Gavana mzima, akaacha kiti kabla wakati wake uishe. Unafikiri ni bure? FBI walikuwa mlangoni." Duka lote likaitikia. Mimi nikalipa nikaenda zangu, lakini hiyo kitu imenikaa kwa kichwa wiki nzima, juu huyo mama ni Sarah Palin, stori yake niliifuatilia sana enzi hizo na mlangoni hapakuwa na FBI.

Kwanza, kwa wale watoto wa juzi: mwaka wa 2008 Kisumu yote ilikuwa inafuata siasa ya Marekani kushinda ya Nairobi. Tulikuwa tumetoka kwa vita vya baada ya uchaguzi, mji umechomeka, watu hawataki kusikia siasa ya hapa, alafu kijana ambaye baba yake ametoka Kogelo anagombea urais wa Marekani. Mpaka ile pombe ya Senator watu walikuwa wanaagiza "Obama" na unaletewa bila swali. Kwa hivyo John McCain alipomtangaza Sarah Palin, gavana wa Alaska, kuwa mgombea mwenza wake mwisho wa Agosti 2008, hata mama wa omena Kibuye alimjua kwa jina. Obama akashinda, Rais Kibaki akatupa holidei Novemba 6, Palin akarudi kwao Alaska, sisi tukaendelea na maisha.

Alafu Julai 3, 2009, Ijumaa, kesho yake ikiwa sikukuu yao ya uhuru, Palin akaita waandishi wa habari nyumbani kwake Wasilla, kando ya ziwa, akatangaza anaacha ugavana. Alikuwa amebakisha kama mwaka mmoja na nusu. Ile hotuba kama uliiona unajua, haikuwa na kichwa wala mkia, alikuwa anaongea haraka, akaingiza mambo ya mpira wa kikapu, ati mchezaji mzuri anajua wakati wa kupasia mwenzake, akaingiza samaki wafu ati hao ndio hufuata mkondo wa maji, mtu unamaliza kusikiza na bado unajiuliza lakini mama unaenda kwa nini?

Na hapo ndipo fununu hupata nyumba. Mtu mkubwa akifanya jambo kubwa bila sababu inayoeleweka, watu watamtafutia sababu, na sababu tamu kuliko zote ni polisi. Ndani ya masaa watu walikuwa wanasema FBI wanamchunguza, ati mashtaka yako njiani. Hadithi ilihusu uwanja wa michezo wa ndani uliojengwa Wasilla. Palin alikuwa meya wa huo mji kuanzia 1996 mpaka 2002, na ni yeye alisukuma huo mradi, wakaazi wakaupigia kura wakakubali kuongezewa kodi ya mauzo ili ulipwe. Sasa watu wakaanza kuunganisha: uwanja umejengwa, na nyumba yake pale kando ya ziwa nayo imejengwa miaka hiyo hiyo, lazima mbao na misumari imetoka mahali pamoja, kontrakta amelipa fadhila. Hiyo hesabu mtu yeyote wa Kenya anaijua, ni ile ya kuangalia gorofa ya mkubwa na barabara ya lami iliyokatikia njiani.

Na ujue huo uwanja ulikuwa na shida zake za kweli. Walianza kujenga kabla umiliki wa shamba haujakaa sawa, kukawa na kesi, mji ukaishia kulipa zaidi ya venye walipanga. Lakini kukosa kushughulikia taitoli ni uzembe, na kutoka kwa uzembe mpaka hongo kuna safari ndefu ambayo watu wa fununu huwa wanairuka kwa hatua moja.

Wakili wa Palin akatoa barua kesho yake, sikukuu hiyo hiyo, akitisha kushtaki wenye walikuwa wanaandika hayo maneno. Sikumpenda kwa hilo, barua za wakili huwa zinafanya watu waamini zaidi. Lakini kitu cha maana ni kile FBI walifanya. Kawaida hawa watu hawasemi. Ukiwauliza kama fulani anachunguzwa wanakwambia hatuthibitishi wala hatukanushi, hiyo ndio sera ya idara ya haki ya Marekani na wanaishikilia sana. Safari hii msemaji wao wa Alaska alijitokeza wazi akaambia waandishi kwamba hizo fununu hazina ukweli wowote, Palin hachunguzwi na hakuna mashtaka yanaandaliwa. Wakakanusha. Na miaka imepita, marais wamebadilika, hakuna shtaka la ufisadi kuhusu huo uwanja lililowahi kufika kortini dhidi yake.

Sababu ya kuondoka nayo haikuwa siri sana kwa mtu aliyetaka kusoma. Baada ya kampeni ya 2008 alikuwa analetewa malalamiko ya maadili moja baada ya lingine, mengi yakitupwa, lakini kila moja linataka wakili, na mwenyewe alisema deni lake la mawakili limepita dola laki tano. Alafu alikuwa na mkataba wa kitabu, na miezi michache baadaye akaanza kazi ya televisheni kwa Fox News. Mtu alienda kutafuta pesa na jina. Sio lazima umpende, mimi simpendi, siasa yake ilinikera kutoka siku ya kwanza, lakini kutompenda mtu hakumfanyi mshtakiwa.

Lakini sitacheka watu wa Alaska kwa kuamini, juu ardhi yao ilikuwa imelimwa tayari. Agosti 2006 FBI walikuwa wameingia kwa ofisi za wabunge kadhaa wa jimbo kwa mpigo, wakitafuta karatasi za kampuni moja ya huduma za mafuta inaitwa VECO. Bosi wa hiyo kampuni, Bill Allen, akakiri 2007 kwamba alikuwa anahonga wabunge, na wabunge wakafungwa kweli. Alafu ikaja ile kubwa: seneta Ted Stevens, mzee aliyekuwa Seneti tangu 1968, uwanja wa ndege wa Anchorage unaitwa kwa jina lake, akashtakiwa kwa kuficha zawadi, hasa ukarabati wa nyumba yake. Juri ikampata na hatia Oktoba 27, 2008, siku nane kabla ya uchaguzi. Akashindwa kwa kura chache.

Sasa sikiza. Aprili 2009 hiyo hukumu ikatupwa. Ilipatikana kwamba waendesha mashtaka walificha ushahidi ambao ungemsaidia mzee kujitetea, mwanasheria mkuu Eric Holder akaomba kesi ifutwe, jaji akafuta na akawakemea vibaya. Kiti kilikuwa kimeshaenda. Ni miezi mitatu tu kabla Palin asimame pale kando ya ziwa. Yaani hao watu walikuwa wameona wakubwa wakikamatwa kweli, na pia wameona serikali ikikosea mtu hadharani, na bado fununu ingine ilipokuja wakaimeza nzima.

Jaduong' wa kinyozi akisoma hii najua ataniambia nini: lakini fununu zingine huwa za kweli. Ni ukweli kabisa, na mfano wenyewe unatuhusu zaidi ya Palin, juu ni kiti cha Obama mwenyewe.

Obama alipochaguliwa rais, kiti chake cha useneta wa Illinois kikabaki wazi, na kwa sheria yao gavana ndiye alikuwa na nguvu ya kuteua mtu wa kukijaza. Gavana alikuwa Rod Blagojevich. Huyu naye fununu zilikuwa zimemzunguka miaka mingi, Chicago kila mtu wa teksi alikuwa anajua anachunguzwa. Desemba 5, 2008 gazeti la Chicago Tribune likaandika kwamba maongezi yake yanarekodiwa. Jumatatu Desemba 8 Blagojevich akasimama mbele ya kamera akasema anayetaka kumrekodi amrekodi tu, kila anachosema ni halali. Jumanne Desemba 9 asubuhi na mapema FBI wakabisha kwake wakambeba. Kwa simu alikuwa amesikika akisema ako na kitu cha dhahabu na hawezi kukipeana bure. Kiti cha Obama wetu kilikuwa kinauzwa venye mtu anauza ploti!

Kwa hivyo katika muda wa miezi saba hivi tulikuwa na magavana wawili, fununu mbili zilizofanana kwa sauti na kwa ladha, moja ikawa ya kweli na ingine hewa. Mtu aliyekaa kwa kinyozi angejuaje?

Angejua kwa karatasi. Illinois kulikuwa na karatasi miaka kabla ya pingu. Mchangishaji pesa wa Blagojevich, Tony Rezko, alikuwa amehukumiwa Juni 2008 kwa korti ya wazi, mashahidi wakitaja utawala wa gavana kwa kiapo. Watu wa karibu walikuwa wamekiri makosa. Ofisi za serikali zilikuwa zimeletewa hati za kuitisha stakabadhi na magazeti yaliziandika. Na alipokamatwa, siku hiyo hiyo kiapo cha FBI cha kurasa zaidi ya 70 kikawekwa wazi kila mtu asome. Wasilla hakukuwa na hata moja ya hizo. Hakuna aliyekiri, hakuna hati, hakuna shahidi, ilikuwa tu nyumba, uwanja na mama anayeongea haraka.

Na hata ukiwa na karatasi usikimbilie kusherehekea. Bunge la Illinois lilimwondoa Blagojevich Januari 2009, Seneti ya jimbo ikipiga kura 59 kwa nunge. Lakini kesi ya kwanza ya 2010, kati ya mashtaka 24 juri ilikubaliana kwa moja tu, la kudanganya FBI. Ikabidi irudiwe 2011 ndio apatikane na hatia kwa 17, akafungwa miaka 14. Rais Trump akampunguzia kifungo 2020, na 2025 akampa msamaha kamili. Kule Virginia gavana Bob McDonnell alikuwa amepokea saa ya Rolex na mikopo na zawadi za maelfu ya dola kutoka kwa mfanyabiashara mmoja, juri ikampata na hatia 2014, alafu 2016 korti ya juu kabisa ikaifuta hiyo hukumu kwa kauli moja, ikisema kumpangia mtu mikutano na kumuunganisha na maafisa peke yake hakutoshi kuwa kitendo rasmi cha kuuza ofisi. Mimi hiyo bado haijaniingia. Rolex ni Rolex. Lakini ndio sheria yao.

Sasa turudi huku kwetu, maanake huku mambo yamepinduka. Kule mpelelezi ananyamaza na wananchi wanapiga kelele. Huku mpelelezi na kamera za televisheni wanaonekana kufika pamoja. Gavana anabebwa alfajiri, saa moja iko kwa habari, saa nne watu wa kwao wako barabarani na matawi, saa sita amefika Integrity Centre, makao makuu ya EACC Nairobi, akipunga mkono juu ya gari, jioni ni shujaa. Mei 2025 EACC walipoenda kwa gavana Natembeya kule Kitale wote tuliona vile vijana walifurika. Alipelekwa kortini Nairobi akakana mashtaka, na kesi iachiwe korti, sina la kuongeza hapo. Ninachosema ni venye siku kama hiyo inampa kila upande kitu cha kupigia kampeni. Wapinzani wanasema mwizi amepatikana, wafuasi wanasema mtu wetu anawindwa juu ya siasa, na ukiuliza wote wawili shtaka linasema nini, namba ya tenda ni gani, kampuni ni ya nani, hakuna anajua.

Wengi pia hawajui njia ambayo faili inapita. EACC hawashtaki mtu. Wanachunguza, wanapeleka faili kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma, na huyo ndiye anaamua: kuna kesi, ama hakuna, ama rudini mjaze hapa na hapa. Faili inaweza kurudi na kuenda mpaka gavana amalize mihula yake. Kwa hivyo mtu akikwambia "faili iko tayari" muulize iko tayari kwa nani.

Na hizi kesi zikifika kortini ni mwendo wa kinyonga. Waititu, gavana wa Kiambu enzi hizo, alikamatwa 2019 juu ya tenda ya barabara, hukumu ikatoka Februari 2025, faini ya zaidi ya milioni 53 ama jela miaka 12. Lenolkulal, gavana mwenzake wa Samburu, alishtakiwa 2019, kaunti ilikuwa inanunua mafuta kwa petroli stesheni yake mwenyewe, akapatikana na hatia 2024. Miaka mitano, sita. Angalau kwa hiyo kesi ya Samburu ndio Jaji Mumbi Ngugi alisema gavana akishashtakiwa kwa ufisadi asiingie ofisini mpaka kesi iishe, na hiyo iliwashtua magavana kushinda pingu zenyewe. Kukosa kuingia ofisini ni kukosa kuweka sahihi.

Kwa hiyo miaka mitano kuna watu wanakula kwa fununu. Kila kaunti ina mabloga wa gavana na mabloga wa anayetaka kuwa gavana, wanalipwa kwa posti, na barua kama ile ya Jumapili haikuandikwa na mtu aliyekosa kazi ya kufanya, kuna mahali imetengenezwa na kuna mtu ametuma kitu kidogo. Tukielekea 2027 zitaongezeka. MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, naye akitaka kitu kutoka kwa gavana anaongea juu ya kumng'oa, gavana anaita kikao, chai inanywewa, hoja inakufa, na sisi kwa stage tumebaki tukibishana kama EACC watakuja Jumatatu ama Jumanne.

Kinachoniuma ni kwamba karatasi ziko. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya kila kaunti inawekwa kwa mtandao, bure. Mkaguzi hamwiti mtu mwizi, lugha yake ni ya upole, ataandika tu "haikuwezekana kuthibitisha uhalali wa matumizi ya shilingi" kadhaa, ama mradi umelipwa na ukienda kuuangalia ni msingi na nyasi. Msimamizi wa Bajeti naye anatoa ripoti zake, unaona kaunti imetumia ngapi kwa safari na ngapi kwa maendeleo, na madeni ya wakandarasi yamefika wapi. Ile stori ya wilbaro za Bungoma ya 2015, moja shilingi 109,000, ile maafisa walikuwa wanaeleza ati ni chuma spesheli isiyoleta saratani, nguvu yake yote ilikuwa bei iliyoandikwa. Hakuna mtu aliambiwa na binamu ya dereva. Ndio maana miaka yote hii mtu wa Bungoma akitembea nje bado anaulizwa bei ya wilbaro.

Nimeipakua ripoti ya ile kaunti ya yule gavana wa fununu. Ni ndefu na inachosha, nimefika mahali pa madeni na masurufu ya safari ambayo hayajarejeshwa, na tayari kuna maneno mazito kushinda chochote nilisikia kwa kinyozi, yakiwa na kiasi na jina la idara. Hakuna mahali imesema gavana ameiba. Imesema vocha hazikuonekana, kwa hivyo swali la kwanza ni kwa afisa mkuu wa fedha, halafu kwa kamati ya hesabu ya bunge la kaunti iliyofaa kumuita, na ningependa sana kujua kama waliwahi kumuita. Nikimaliza nitaandika nilichopata, ukurasa kwa ukurasa. Kama kuna mtu ako na namba ya kesi, ama hati ya mashtaka yenye muhuri wa korti, anitumie. Za WhatsApp zenye tarehe ya Jumapili niko nazo za kutosha.